Wanauliza bei ya fremu, wanasema nitarudi, hawarudi

"Shikamoo. Nina duka la picha na fremu hapa Chake Chake, huu ni mwaka wa pili. Ufundi nilijifunza Unguja kwa mjomba wangu. Wateja wangu karibu wote ni wanawake: wanaleta picha za harusi, wananunua Ayatul Kursiyyu za kutundika ukumbini. Wanaume wanaingia, wanashika fremu, wanauliza 'mwisho wake ngapi', wanasema nitarudi inshallah, na hawarudi. Mwaka jana nilinunua picha 14 za rangi kutoka Mji Mkongwe, simba, twiga na Wamasai, nikidhani wanaume watazipenda. Nimeuza moja, na aliyenunua alikuwa mgeni. Kaka yangu anasema mwanamume wa Kipemba hana haja na picha, nisijisumbue. Rafiki yangu ananishauri nishushe bei, au niajiri kijana wa kiume akae mezani kwa sababu wanaume wanaona haya kununua kwangu. Sijui nifuate lipi. Na hizo picha 13 zilizobaki nizifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukaa na jambo hili muda wote huo peke yako.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Naona kinachokunyima usingizi ni kikubwa kuliko hizo picha 13: unaogopa kuwa umefungua duka la kitu ambacho nusu ya mji hawakitaki. Mimi niko kwenye kazi ya fremu Mji Mkongwe kwa zaidi ya miaka 30, mwanzo nikimsaidia mume wangu, na tangu alipofariki nafanya na vijana wawili. Wateja wangu wengi leo ni wanaume, na wengi wao hawajanunua kwangu picha hata moja. Wanakuja na kitu chao mkononi, wanataka kitunzwe. Ukilishika hili, mengine nitakayokuambia utayafahamu upesi.

Tuanze na kaka yako. Mwambie kwa adabu kwamba amekosea. Siku ukija Unguja pita mitaa ya Hurumzi na Kiponda uitazame milango ya zamani: miimo iliyochongwa maua na minyororo, mfaa, ule mti wa katikati, na juu kizingiti chenye aya au mwaka. Walioagiza milango ile na kuilipia ni wanaume, wafanyabiashara na wenye mashamba, na walitaka kila anayepita njiani ajue amefika kwa nani. Nenda bandarini uone vyombo vilivyopakwa rangi na kutiwa nakshi na majina. Ingia kwa kinyozi hapo hapo Chake Chake uhesabu picha za ukutani. Mwanamume wa kwetu anapenda kitu kizuri kama mtu mwingine yeyote. Asichokipenda ni kusimama dukani mbele ya watu akichagua pambo.

Na hapa pana jambo la nyumba zetu. Ukuta wa ukumbini una mwenyewe, naye ni mama wa nyumba. Ndiye aliyechagua pazia, ndiye aliyepanga viti. Bwana akirudi na fremu kubwa kwapani bila kushauriana, ataulizwa ameinunua ya nini, shilingi ngapi, na itawekwa wapi, na majibu hana. Kwa hiyo hiyo "nitarudi inshallah" mara nyingi ni ya kweli. Anakwenda kuuliza, kisha anashindwa kueleza alichokiona, siku zinapita, amesahau. Mpe kitu cha kwenda nacho. Chapisha kadi ndogo yenye namba ya duka, mwambie akitaka atume ujumbe wa Watsapu nawe utamjibu kwa picha ya fremu ile ile, kipimo chake na bei yake, apate kumwonesha mama watoto. Mwache aanze yeye kutuma. Namba yake usimwombe. Wewe ni mwanamke, yeye ni mume wa mtu, na ujumbe wako wa saa mbili usiku usije ukazua maneno nyumbani kwa watu.

Sasa nikija kwenye hicho kitu wanachokuja nacho. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi ni karatasi. Cheti cha mtoto aliyemaliza SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Cheti cha kustaafu, alichopewa siku ya kuagwa kazini. Picha ya Makka aliyoipiga mwenyewe alipokwenda Hija. Kitabu cha ubaharia cha babu. Picha ya baba. Baada ya karatasi ni jezi: Januari 2025, Zanzibar Heroes walipoifunga Burkina Faso 2-1 pale Gombani wakachukua Kombe la Mapinduzi, ni wanaume wangapi wa Chake Chake walikuwa uwanjani na jezi mwilini? Ngapi katika jezi hizo sasa zimekunjwa kwenye sanduku zinaota kuvu? Vitu hivi viko Pemba nzima, ndani ya bahasha, chini ya magodoro, juu ya makabati, na unyevu unavila kimya kimya. Nadhani ukutani mwako hakuna mfano hata mmoja wa kitu kama hicho, kwa sababu mahali pake wamekaa simba na twiga.

Nikueleze kisa, maana ndicho kilichonigeuza. Zamani kidogo alikuja bwana mmoja kutoka shamba na picha ya baba yake, nyeusi na nyeupe, mzee kavaa kanzu, koti na tarbushi, amesimama kando ya meza ya studio. Fremu nilikuwa nimeitengeneza mimi miaka mitatu nyuma, picha nikaigandamiza kwenye kioo kama tulivyokuwa tukifanya sote. Ilikuwa baada ya masika. Usoni mwa mzee palitokea alama inayong'aa, kama tone la maji lililonasa. Akaniomba nisafishe kioo. Nikafungua, nikavuta picha. Uso wa baba yake ukabaki kwenye kioo.

Hakunigombeza. Alivikunja vipande vyote viwili kwenye karatasi, akaniaga, akaenda. Ilikuwa picha pekee ya mzee yule. Tangu siku hiyo sijafunga picha ya mtu kabla ya kumweleza kioo kitafanya nini, na nilipoanza kueleza ndipo nilipoona wanaume wanavuta kiti, wanakaa.

Lililotokea ni hili. Picha ya studio ina tabaka jembamba la gelatini juu ya karatasi. Ikiwa kavu ni ngumu, ikipata unyevu inalainika. Hewa ya visiwa vyetu imejaa mvuke mwaka mzima, na masika, Machi hadi Mei, hata nguo kabatini zinakuwa chepechepe. Mchana fremu inapata joto, karatasi na ubao wa nyuma vinatoa unyevu wao ndani ya nafasi ile ndogo. Usiku kioo kinapoa haraka kuliko vingine, mvuke unakuwa umande upande wa ndani wa kioo. Gelatini iliyogusa kioo inalainika, asubuhi inakauka ikiwa imeshika. Usiku unaofuata tena, na unaofuata tena. Baada ya masika mbili tatu imeshika kuliko karatasi yenyewe inavyojishika, na ukivuta, kinachokatika ni picha.

Dawa yake ni rahisi mno: picha isiguse kioo. Kadi ya kuzungusha picha, yenye unene wa milimita 1.5 hivi, inatosha kuiweka mbali. Kama mteja hataki ile pambizo nyeupe, ficha ufito mwembamba wa mbao chini ya ukingo wa fremu. Nyuma usitie ile kadibodi ya kahawia ya maboksi: ina tindikali, na unyevu unaihamishia kwenye karatasi mpaka inakuwa na mstari wa hudhurungi na kuvunjika kama kaki. Agiza kadi isiyo na tindikali kutoka Dar es Salaam, hata kama utanunua chache. Selotepu usiitumie kabisa. Shika karatasi juu tu, kwa vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba na gundi ya unga wa ngano uliopikwa, kidogo sana isiite mende, kwa sababu karatasi hutanuka wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa kaskazi. Ukiibana pande zote nne itajikunja mawimbi. Mwisho, gundisha vipande viwili vya koki, ile ya vizibo vya chupa, au mpira kwenye kona za chini nyuma ya fremu, hewa ipite kati yake na ukuta.

Najua mjomba amekufundisha baadhi ya haya. Ninachotaka ni uyaoneshe. Chukua fremu moja, ikate kona kwa msumeno, uache ubavu wake wazi: kioo, nafasi, kadi, picha, kadi ya nyuma, ubao. Iweke mezani karibu na mlango. Pembeni yake weka cheti kilichoharibika kwa selotepu na kadibodi ya maboksi. Huhitaji kusema neno. Mwanamume aliyeingia kuuliza bei ataishika ile kona, ataigeuza, atauliza "hiki ni cha nini?" na hapo mazungumzo yameanza, na ni mazungumzo ya ufundi, ambayo hakuna mwanamume wa kwetu anayeona haya kuyafanya na fundi, awe mume awe mke.

Sisemi wote wako hivyo. Nina mteja mwalimu wa skuli asiyetaka kusikia habari za gundi. Anataka kukaa kimya atazame rangi ya mbao mpaka roho yake iridhike, na nina akina mama wanaonihoji kuhusu kila msumari. Mtazame mtu aliye mbele yako. Ila kama hujui pa kuanzia na mwanamume mgeni, anzia kwenye kitu alicholeta. Muulize "huyu ni nani?" au "hiki cha mwaka gani?" kabla hujataja fremu. Kisha nyamaza usikilize.

Kuhusu bei, rafiki yako anakutakia mema lakini ushauri wake utakula mtaji wako. Mteja anaposikia 40,000 bila kujua ndani mna nini, hana cha kupima ila ukubwa wa namba. Analinganisha na fremu ya plastiki ya dukani, na pale huwezi kushinda hata ukishusha mpaka ufanye kazi bure. Andika bei yako mbele yake. Tuseme ana picha ya sentimita 40 kwa 50, nawe unazungusha kadi ya sentimita 5 kila upande. Kioo chako kitakuwa 50 kwa 60. Mzunguko ni sentimita 220. Ubao una upana wa sentimita 3, na kila kona inakatwa kwa nyuzi 45, kwa hiyo unaongeza upana huo mara 8, sentimita 24. Jumla 244, unakata kwenye ubao wa sentimita 250 na kinachobaki ni kipande kisichofaa kitu. Kioo ni thuluthi ya mita ya mraba kasoro kidogo. Halafu kadi, ubao wa nyuma, ndoano, na nusu siku ya mikono yako. Mwanamume aliyewahi kujenga hata banda la kuku anaielewa hesabu hiyo, kwa sababu ndivyo alivyohesabiana na seremala. Bado atakuomba upunguze, na wewe punguza kidogo kama ilivyo ada yetu, lakini sasa mnazungumza juu ya kitu anachokijua. Akisema hana kiasi hicho, mpunguzie kazi badala ya kumpunguzia bei: ubao mwembamba zaidi, kadi ya upana mdogo. Lile pengo la kioo na kadi ya nyuma iliyo nzuri usiviguse hata kwa mtu wa bei ya chini.

Na usizidharau hizo fremu za plastiki, wala usimsemee vibaya anayeziuza. Kwa cheti cha A4 cha ofisini zinafaa: hazinywi maji, bungua hawazili, na kwa nyumba iliyo karibu na pwani naweza kuzipendekeza kuliko mbao laini isiyotiwa vanishi. Udhaifu wake ni jua, linazifanya ziwe kavu na kupasuka, na kona zake zikiachia hazirudi. Weka chache za A4 na A3. Mwambie mteja ukweli: "Cheti hiki kina nakala, hii inakutosha. Picha ya mzee haina nakala, ile itengenezewe mbao." Ukimrudisha nyumbani na fremu ya bei ndogo iliyomfaa, siku ya picha ya mzee atakuja kwako. Kwa mbao, mfenesi wa kwetu na msaji ndizo ninazoziamini. Ziache zikauke vyema, na nyuma ya fremu pia pakwe vanishi, maana huko ndiko unyevu wa ukuta unakoingilia.

Kuna kizuizi kingine ambacho sijasikia mtu akikitaja. Fremu ikifika nyumbani, atakayepanda kiti na nyundo ni yeye. Anajua msumari utapinda, lipu itamomonyoka, na mke na watoto wamesimama chini wanatazama. Muondolee mzigo huo. Kila fremu itoke dukani na ndoano na waya, na uwe unatundika kwa malipo yaliyotajwa tangu mwanzo. Kioo cha dirisha kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo hicho chako cha 50 kwa 60 chenye milimita 2 ni kilo moja na nusu kabla ya mbao. Ukuta wa tofali za saruji toboa kwa keekee, tia plagi ya plastiki ya kushika skrubu, kisha skrubu. Nyumba ya zamani ya mawe na chokaa haikubali plagi ndogo, chokaa inasagika. Tafuta kiungo kati ya mawe, gonga kabari ya mti mgumu, kisha skrubu iingie kwenye kabari. Nyumba ya udongo na fito, usiamini udongo hata kidogo: tundika kwenye nguzo au teremsha waya kutoka kwenye boriti. Urefu nao upime watu wakiwa wamekaa. Panapokaliwa mikeka na magodoro chini, picha ishuke. Aya za Qur'ani zipande juu ya vichwa, na zisielekee mlango wa choo. Usingoje mwenye nyumba akukumbushe.

Sasa hilo la kuajiri kijana. Kukaa mezani kwa niaba yako, hapana. Wewe ndiye fundi, na mtu akiuliza swali la ufundi akajibiwa na kijana asiyejua, umempoteza. Lakini kwa kwenda majumbani kutundika, ndiyo, tena ni lazima. Usiingie peke yako nyumba ambayo hujui nani yumo. Nenda na kijana wako, na uombe mama wa nyumba awepo, ndiye atakayesema pandisha, shusha. Dukani, vuta meza yako karibu na mlango, mlango uwe wazi, na weka benchi nje kama baraza. Mwanamume anayeona haya kuingia duka lenye mwanamke peke yake ataketi pale nje, atatazama mifano iliyotundikwa upande wa njia, na ataanza kuongea. Msalimie, mkaribishe mara moja, umwache. Kumfuata nyuma nyuma kila anachoshika ndiko kunakomfanya aseme nitarudi. Fungua baada ya sala ya Ijumaa, watu wa mashamba wamekuja mjini, na kila siku baada ya alasiri. Akitokea mmoja anayeleta mazungumzo yasiyo ya fremu, usimvumilie kwa sababu ya biashara. Mwite kaka yako, hapo ndipo atakapokufaa.

Utakabiliwa na suala la mkopo pia, kwa kuwa Pemba pesa inafuata karafuu. Mtu atakuambia tengeneza, msimu ukifunguka nitakulipa, na anamaanisha. Mimi ninaliangalia hivi: fremu ya kipimo cha kawaida naweza kumsubiri, kwa kuwa asipokuja nitaiuza kwa mwingine. Fremu iliyokatwa kwa kipimo cha picha yake haina mnunuzi mwingine duniani. Hiyo chukua nusu kabla hujashika msumeno, andika risiti yenye tarehe ya kuichukua, na tarehe hiyo uiheshimu kama deni. Umeme ukikatika ukachelewa, mpelekee habari kabla hajaja. Wanaume wengi niliowapoteza miaka ya mwanzo sikuwapoteza kwa bei. Niliwaambia kesho, wakaja kesho, nikawaambia kesho.

Kuhusu cha kutundika ukutani kiuzwe, usiache kuuza sanaa. Badilisha ni sanaa gani. Hizo picha zako ni za mtindo wa Tingatinga, uliopewa jina la Edward Saidi Tingatinga aliyechora Dar es Salaam mpaka kufariki kwake mwaka 1972, kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa. Ni kazi ya heshima na naipenda. Lakini soko lake kubwa ni wageni, na mwanamume wa Chake Chake akimtazama twiga hamuoni mtu wala mahali anapopajua. Zaidi ya hapo, wengi wetu hatutundiki picha ya kiumbe chenye roho chumba tunachosalia, kwa hadithi mashuhuri ya malaika kutoingia nyumba yenye picha. Masheikh wana maelezo yao juu ya picha ya kamera na ya mkono, na si kazi ya fundi fremu kutoa hukumu. Wewe uliza tu: itakaa wapi? Kwa ukumbini, pendekeza maandishi na mandhari. Kwa ofisini au dukani mengine yanawezekana.

Tafuta mpiga picha wa hapo hapo akuletee mnara wa taa wa Ras Kigomasha, magofu ya Ras Mkumbuu, karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi, jahazi likiwa tanga wazi, ngalawa mashindanoni. Mlipe, jina lake liandikwe nyuma. Usichapishe picha za watu ulizozikuta kwenye intaneti. Kazi ya mtu ni mali yake, na COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ipo kwa ajili ya hilo. Aya zilizochapishwa nje zisome kwanza, au mpe ajuaye azisome, kwani nimeshaona herufi zimeungana vibaya na neno likageuka. Na ukumbuke ukingo wa fremu unafunika karibu nusu sentimita kila upande: acha pambizo, usifunike herufi.

Jezi wanaume watazileta wakiona moja ukutani. Ifuliwe, ikauke kabisa, uishonee kwenye kadi kwa uzi wa rangi yake, bila gundi, ndani ya fremu ya kina cha sentimita 4 au 5 isiguse kioo. Kwa fremu kubwa kama hiyo tumia kioo cha plastiki kama kinapatikana. Uzito wake ni nusu ya kioo cha kawaida, kinasafiri vizuri kwenye boti, ila kinakwaruzika, kifutwe kwa kitambaa laini chenye maji tu.

Kuna kazi ambazo si zako wala zangu. Picha ya zamani iliyokwisha ganda kwenye kioo usiivute, na mteja akikushinikiza mkatalie. Ipige picha safi juu ya kioo hicho hicho, mpe nakala, na ile ya asili mwachie fundi wa uhifadhi aione. Waulize watu wa Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, kabla hujagusa. Vivyo hivyo msahafu au kitabu kilichoandikwa kwa mkono: akija mtu anataka ukurasa mmoja ukatwe utiwe fremu, msihi asikate. Ukiona unga mwembamba unadondoka kwenye ubao, wamo bungua. Toa ubao huo nje ya duka siku hiyo hiyo, umwite mtu wa dawa kabla hawajahamia kwenye mbao zako zote. Na kama baada ya miezi sita ya haya bado hujui faida yako inapotelea wapi, chukua daftari lako ukakae ana kwa ana na anayejua hesabu. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi wapo kwa ajili ya wajasiriamali, na mambo ya kodi waulize ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, wenyewe, usimuulize jirani.

Hizo picha 13. Bakisha mbili, umtafutie kinyozi mmoja na mwenye mgahawa mmoja. Zilizobaki peleka kwenye hoteli zinazopokea wageni huko Pemba, ukaulize kwa meneja kama atazikubali kwa mauzo na mgawane. Wasipozitaka, zirudishe Unguja kwa ulikozinunua, hata kwa hasara ndogo, kabla ya masika, maana hadibodi inakunywa maji pembeni na kuvimba. Kwenye boti usizilaze uso kwa uso. Rangi ile ikipata joto inashikana, na utakapozitenganisha zitabanduka. Ziweke uso mmoja kuelekea mgongo wa nyingine, karatasi ya nta katikati, zisimame wima, na uzishike mwenyewe mpaka bandari ya Malindi, Unguja.